Kardinali Nsubuga na wazee wa Nalukolongo

Lori lililopakia mchele na dagaa kutoka Mutukula huingia Kampala kwa barabara ya Masaka. Linapita Busega, linapita Nateete, kisha linabanwa na msongamano wa Ndeeba, mahali ambapo wauza mbao na wauza vipuri wamejaa hadi ukingoni mwa lami. Upande huohuo wa jiji, karibu na karakana ya reli, kuna Nalukolongo. Wafanyabiashara wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya reli. Wachache wanajua kwamba hapo pana nyumba wanamoishi wazee, walemavu na wagonjwa wasio na mtu wa kuwatazama, na kwamba nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1978, wakati ambapo kilo moja ya sukari mjini Kampala ilitafutwa kwa siku kadhaa.

Aliyeianzisha ni Emmanuel Kiwanuka Nsubuga, Askofu Mkuu wa Kampala na Kardinali wa kwanza wa Uganda. Historia humkumbuka kwa mambo makubwa. Alimpokea Papa wa kwanza kuitembelea Afrika katika nyakati hizi, aliliongoza kanisa katika miaka ya Idi Amin, na alishiriki mara mbili kumchagua Papa mjini Roma. Nyumba ya Nalukolongo haina ukubwa wa mambo hayo. Hata hivyo, ndiyo kazi yake ambayo bado inaamka kila asubuhi, inachemsha uji, inafua shuka na kuwageuza wagonjwa kitandani.

Kijana wa Kisule

Nsubuga alizaliwa Kisule, Buganda, tarehe 5 Novemba 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na miezi mitatu tu, na mpaka kati ya Uganda ya Waingereza na Afrika Mashariki ya Wajerumani ulikuwa umegeuka uwanja wa mapigano. Imani ya Kikatoliki nchini Uganda ilikuwa bado changa. Padri Simeon Lourdel na Bruda Amans walikuwa wamefika Kigungu, kando ya ziwa karibu na Entebbe, Februari 1879. Waganda walisikia wenzake wakimwita kwa Kifaransa, yaani baba yangu, wakaligeuza neno hilo kuwa Mapeera. Anayepita barabara ya Kampala leo huliona jina hilo kwenye jengo la makao makuu ya Centenary Bank, Mapeera House. Nalukolongo nako jina ni lilelile.

Kijana Nsubuga alisoma seminari ya Bukalasa, kisha seminari kuu ya Katigondo, zote katika maeneo ya Masaka. Katigondo haikuwa ya Waganda peke yao. Vijana wa Bukoba, ng'ambo ya mpaka wa Tanganyika, walisoma hapo pia. Mmoja wao alikuwa Laurean Rugambwa, aliyepewa upadri mwaka 1943 na baadaye akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi. Njia ambayo leo hupitisha kahawa na mahindi, wakati ule ilipitisha vijana wenye masanduku ya vitabu.

Nsubuga alipewa upadri tarehe 15 Desemba 1946, akiwa na miaka 32. Miaka iliyofuata aliitumia kazini miongoni mwa watu wa Buganda, na hiyo ni kazi inayomfundisha padri kuingia nyumba za watu. Padri huitwa usiku kwa mgonjwa. Huingia chumba cha ndani, akaona nani analishwa na nani amesahauliwa pembeni. Mwaka 1961 aliteuliwa kuwa msaidizi mkuu wa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka katika jimbo la Rubaga. Kiwanuka ndiye aliyekuwa Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kuwa askofu wa Kikatoliki, mwaka 1939.

Mwaka mgumu wa 1966

Askofu Mkuu Kiwanuka alifariki Februari 1966, na Nsubuga akabaki kulishika jimbo kwa muda. Miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Mei, majeshi ya serikali ya Milton Obote yalishambulia Lubiri, kasri la Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa II alitoroka, akaishia uhamishoni Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969. Kutoka kilima cha Rubaga hadi Lubiri ni mwendo mfupi wa miguu. Milio ya bunduki ilikuwa mlangoni mwa kanisa kuu.

Katika hali hiyo, tarehe 5 Agosti 1966, Nsubuga aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu. Siku hiyohiyo jimbo kuu jipya la Kampala liliundwa, likiunganisha eneo la Rubaga, lililolelewa na wamisionari wa Kifaransa, na eneo la Nsambya, lililolelewa na wamisionari wa Mill Hill kutoka Uingereza. Wakatoliki wa vilima hivyo viwili walikuwa wamezoea desturi tofauti na mapadri wa mataifa tofauti. Ilibidi mtu mmoja awafanye kuwa nyumba moja. Tarehe 30 Oktoba alipewa uaskofu, na aliyemwekea mikono alikuwa Kardinali Rugambwa wa Tanzania.

Miaka mitatu baadaye, kuanzia 31 Julai hadi 2 Agosti 1969, Papa Paulo VI aliitembelea Uganda. Mwenyeji wa ziara hiyo alikuwa Nsubuga. Mashahidi wa Uganda walikuwa wametangazwa watakatifu mwaka 1964, na Namugongo ikawa mahali ambapo mahujaji wa Kenya, Tanzania, Rwanda na Congo hufika kila tarehe 3 Juni. Kanisa kubwa la Namugongo lilitabarukiwa tarehe hiyo mwaka 1975. Wauza maji, mishumaa na mikeka wanaofanya biashara Namugongo kila mwaka wanaifahamu faida ya siku hiyo.

Miaka ya magendo

Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Maduka yaligawiwa watu ambao wengi wao hawakujua kuagiza mali wala kutunza hesabu. Rafu zikawa tupu. Sabuni, chumvi, sukari na mafuta ya kupikia vikawa bidhaa za mlango wa nyuma, na neno magendo likawa la kila siku. Kahawa ilivushwa usiku kwenda Kenya, bidhaa za dukani zikarudi kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, na mpaka ambao watu walikuwa wameuvuka kwa urahisi ukawa ukuta.

Kwa watu wa kanisa, miaka hiyo ilikuwa ya hofu. Padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno, aliuawa mapema mwaka 1973. Wamisionari wengi wa kigeni walifukuzwa nchini. Mwaka 1976 viongozi wa Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu walikutana kuzungumzia mauaji na kupotea kwa watu, jambo lililomkasirisha Amin. Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum aliuawa. Nsubuga alibaki kwenye kiti chake. Kila mtu mjini Kampala alijua kwamba kilichompata Luwum kingeweza kumpata yeye.

Katikati ya hayo, tarehe 24 Mei 1976, Papa Paulo VI alimfanya kuwa Kardinali. Ilikuwa miaka kumi kamili tangu Lubiri iliposhambuliwa. Uganda haikuwahi kuwa na Kardinali kabla yake.

Nyumba ya wasiojiweza

Mwaka 1978 ulikuwa mrefu kwa Nsubuga. Agosti alikwenda Roma kumchagua mrithi wa Paulo VI. Papa aliyechaguliwa, Yohane Paulo I, alifariki baada ya siku 33, na Oktoba Nsubuga akawa tena miongoni mwa makardinali waliomchagua Karol Wojtyła wa Poland. Kabla Oktoba haijaisha, askari wa Amin walikuwa wamevuka mpaka na kuingia Kagera, na vita na Tanzania vikaanza.

Nyumba ya Nalukolongo ilizaliwa katika mwaka huohuo. Kanisa lilikuwa linajiandaa kuadhimisha miaka 100 tangu Mapeera alipofika. Kwa kawaida maadhimisho ya namna hiyo huacha mnara, kengele au jiwe lenye maandishi. Nsubuga aliacha nyumba ya watu wasio na chochote. Iliitwa Mapeera Bakateyamba. Bakateyamba kwa Kiganda ni watu wasioweza kujisaidia, au kwa Kiswahili cha kawaida, wasiojiweza. Mahali penyewe palikuwa na historia ya huruma, kwa kuwa zamani wamisionari waliwapokea hapo watoto waliokombolewa kutoka utumwani.

Ili nyumba isitegemee ukarimu wa siku moja, Nsubuga alianzisha pia shirika la watawa wa kike, Masista wa Msamaria Mwema, na kuwapa kazi ya kuwatunza wasiojiweza. Kazi hiyo haina sherehe. Ni kumuogesha mtu mzima ambaye mikono yake haimtii tena. Ni kumgeuza aliyepooza kila baada ya saa chache ili mgongo usitoke vidonda. Ni kumlisha asiyeona kijiko, kukumbuka dawa ya aliyesahau hata jina lake, na kukaa na anayekufa usiku. Kazi hiyo ikisimama wiki moja tu, nyumba huharibika. Kwa hiyo mtu anayetaka idumu anahitaji watu walioahidi maisha yao, na ndilo jambo alilolitafuta Nsubuga.

Kuanza mwaka ule kulihitaji ujasiri wa aina nyingine pia. Nyumba ya wazee hula kila siku, iwe dukani kuna bidhaa au hakuna. Inataka sabuni nyingi kuliko familia tano. Inataka mashuka, mafuta, chumvi. Kufungua nyumba ya namna hiyo wakati wenye fedha wenyewe walipanga foleni ya sukari ni sawa na kuanza safari bila kujua kama njiani kuna kisima.

Aibu na ukweli

Kwa Waganda, kama kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki, kumpeleka mzazi katika nyumba ya wazee ni aibu. Mzee ni wa ukoo. Mjukuu humletea maji ya kunawa, mkwe humpikia matoke laini, mwana humzika kwenye ardhi ya babu zake. Mtu akisikia kwamba mama wa fulani analelewa na masista, swali la kwanza huwa ni kuhusu mwanawe: amekufa, amefungwa, au hana moyo?

Nsubuga alikuwa Mganda na aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Nyumba yake haikufunguliwa ili kuichukua nafasi ya ukoo. Ilifunguliwa kwa ajili ya mtu ambaye ukoo haupo tena, au haumfikii. Na Kampala ilikuwa na watu wengi wa namna hiyo. Tangu miaka ya 1920 maelfu ya vibarua walikuwa wakija Buganda kutoka Rwanda na Burundi kulima pamba na kahawa. Wengine walitoka Kenya, Kongo na Tanganyika kufanya kazi relini, viwandani na majumbani. Wengi walirudi kwao. Wengine walibaki, wakazeeka katika vyumba vya kupanga. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya Wakenya, na familia zikakatwa katikati. Miaka minane ya Amin ikaongeza wajane, na akina mama ambao wana wao walichukuliwa usiku na hawakurudi.

Mji wa biashara huzaa wazee wa namna hiyo kila mahali. Nairobi inao, Mombasa inao, Mwanza na Bujumbura zinao. Mtu huja kutafuta riziki akiwa na miaka 20, akisema atakaa miwili. Anazoea soko, anapata kibanda, anaoa au haoi. Kijijini wazazi wanakufa, shamba linagawanywa wakati hayupo. Akifika miaka 75, kitambulisho chake ni cha nchi moja, kaburi la mama yake liko nchi nyingine, na mtu pekee anayemjua kwa jina ni jirani wa kibanda. Akianguka, jirani atamtazama wiki moja, mbili. Baada ya hapo lazima pawe na mlango mwingine wa kubisha.

Vita na ugonjwa

Amin aliondolewa Aprili 1979, lakini amani haikuja. Baada ya uchaguzi wa 1980 vita vya msituni vilianza, na wilaya ya Luweero na maeneo ya jirani, kaskazini mwa Kampala, yakageuka uwanja wa mauaji. Februari 1982 wapiganaji walishambulia kambi ya jeshi ya Lubiri. Siku iliyofuata, Jumatano ya Majivu, wanajeshi waliingia katika kanisa kuu la Rubaga wakitafuta wapiganaji miongoni mwa waumini. Nsubuga aliyaona kanisani kwake mambo ambayo watu wa vijijini walikuwa wakiyaona majumbani mwao. Vita hivyo viliisha Januari 1986, vikiacha vijiji ambavyo wazee walirudi peke yao kutafuta mahali nyumba zao ziliposimama.

Wakati huohuo adui mwingine alikuwa ameingia. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Uganda walitambuliwa mwaka 1982 huko Kasensero, mwalo wa wavuvi na wachuuzi wa magendo karibu na mpaka wa Tanzania. Ugonjwa ulifuata njia za biashara: mialo, vituo vya malori, nyumba za kulala wageni. Uliwachukua watu wa miaka 25 hadi 45, yaani wale ambao kwa desturi ndio bima ya wazee. Katika Rakai na Masaka, na ng'ambo ya mpaka katika Kagera, bibi wa miaka 70 walijikuta wakilea wajukuu watano. Mzee aliyetarajia kutunzwa akawa mtunzaji, na alipochoka hakuwa na wa kumpokea mzigo.

Mambo hayo mawili, vita na ukimwi, yaliondoa hoja kwamba nyumba ya wazee ni anasa ya Wazungu. Ukoo ni nguvu kubwa, lakini una idadi. Watu wake wakifa, nguvu hiyo nayo hupungua.

Mzee na kuku wake

Kuna jambo moja ambalo nyumba nyingi za wazee duniani zilichelewa kulielewa, nalo linahusu jina lenyewe la Bakateyamba. Mtu asiyeweza kujisaidia bado anaweza kusaidia kitu kingine.

Mzee wa kijijini Buganda huzeeka akizungukwa na viumbe. Kuku wanachakura uani, mbuzi amefungwa kamba chini ya mgomba, pengine pana ng'ombe mmoja. Hivyo si mali tu. Jogoo ndiye anayekabidhiwa kaka wa bibi harusi siku ya kuozwa dada yake, na kuku ndiye anayechinjwa mgeni wa heshima akifika. Bibi aliyemwaga mtama uani kila asubuhi kwa miaka 50 amekuwa na sababu ya kuamka kila asubuhi kwa miaka 50. Akihamishiwa kitanda safi, chakula cha wakati na ukimya, mwili wake unatunzwa, lakini ile sababu ya kuamka imebaki nyuma.

Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale aliliandika wazo hilo mwaka 1859, katika kitabu chake cha uuguzi: mnyama mdogo ni mwenzi mzuri kwa mtu aliyeugua muda mrefu. Mwaka 1991 daktari Mmarekani Bill Thomas aliingiza mbwa wawili, paka wanne na ndege wapatao 100 katika nyumba moja ya wazee katika jimbo la New York. Alikuwa ameona kwamba wazee wale waliumizwa na mambo matatu ambayo hayana kidonge: upweke, kuchoka kwa kukosa la kufanya, na unyonge wa kuhudumiwa bila kuhudumia. Wazee walianza kulisha ndege, kutembeza mbwa na kuzungumza tena. Matumizi ya dawa yakashuka.

Uganda yenyewe ina mfano wake. Huko Gulu upo mradi unaowapa watu walioumizwa na vita vya kaskazini mbwa wa kuwalea na kufarijiwa nao, katika nchi ambako mbwa amezoeleka kuwa mlinzi wa geti tu. Si lazima awe mbwa. Kwa Mwislamu wa Kibuli au kwa bibi aliyeng'atwa utotoni, kuku wawili au mbuzi mpole hufaa zaidi. Masharti ni yaleyale yanayojulikana na kila mfugaji: mnyama achanjwe, banda lifagiliwe, mikono inawe kabla ya kula, na asiyemtaka mnyama asilazimishwe.

Jambo hili linalingana na kazi ya Nsubuga kwa namna moja. Msamaria wa Injili, ambaye jina lake walipewa masista wa Nalukolongo, hakumtupia majeruhi fedha akaondoka. Alimpandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa gharama, akaahidi kurudi. Kila mfanyabiashara wa njia ndefu anaielewa hadithi hiyo vizuri, kwa sababu inahusu msafiri, mzigo, mnyama wa kubeba na deni lililoahidiwa kulipwa.

Mwisho mjini Cologne

Nsubuga aliachia uongozi wa jimbo kuu tarehe 8 Februari 1990, na Emmanuel Wamala akashika nafasi yake. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, tarehe 20 Aprili 1991, alifariki mjini Cologne, Ujerumani, akiwa na miaka 76. Mtu aliyewafungulia nyumba watu waliokufa mbali na kwao alifia ugenini naye. Tofauti ni kwamba yeye alirudishwa. Alizikwa katika kanisa kuu la Rubaga, juu ya kilima alikokuwa ameisikia milio ya mwaka 1966 na kuwaona askari wa 1982.

Alipofariki, nyumba ya Nalukolongo ilikuwa na miaka 13. Nyumba nyingi za hisani Afrika hufa pamoja na mwanzilishi, kwa sababu zilikuwa mfukoni mwake. Hii haikufa. Masista waliendelea. Novemba 2015 Papa Fransisko alipofika Uganda, kati ya maikulu, viwanja na makanisa makubwa aliweka pia muda wa kufika Nalukolongo. Alisalimiana na wazee na wagonjwa, akamtaja Kardinali Nsubuga.

Hesabu ya nyumba ya namna hiyo haijawa rahisi. Serikali ya Uganda sasa huwapa wazee wa miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi. Fedha hiyo humsaidia bibi aliye na paa, moto na mjukuu wa kumtuma dukani. Kwa mzee anayehitaji kuogeshwa, kulishwa na kupelekwa hospitali, haitoshi hata sabuni na nepi. Kilichobaki hutoka kwa watu wenye moyo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Msongamano wa Ndeeba ukifunguka, lori la Mutukula huendelea hadi sokoni. Mwenye mzigo ana mama yake Bukoba, au Kitale, au Goma, na simu yake ina ujumbe wa fedha alizotuma juzi. Fedha zimefika. Aliyemshika mama mkono kwenda msalani asubuhi ile ni mtu mwingine: dada, mkwe, jirani, msichana wa kazi. Kwa wale ambao hakuna hata mmoja wa hao, Nsubuga aliacha mlango Nalukolongo, na mpaka leo kuna anayeufungua.